Tennessee: gawa malazi yako sehemu mbili
Ukipanga safari ya Tennessee, jimbo la Marekani, lala usiku mmoja au miwili Nashville, kisha uhamie Gatlinburg, mji mdogo ulio mlangoni pa Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains. Kumbi nyingi za muziki za mtaa wa Broadway, Nashville, hazitozi kiingilio, lakini wanamuziki hutegemea bakshishi, kwa hiyo beba noti ndogondogo za kutia kwenye ndoo inayopitishwa mezani. Hifadhi nayo haina kiingilio, ila tangu Machi 2023 gari linaloegeshwa zaidi ya dakika 15 hulipiwa kibali cha dola 5 kwa siku. Angalia pia saa yako, kwani Gatlinburg iko saa moja mbele ya Nashville, nawe ukichelewa kuondoka huenda ukakuta migahawa imekwisha kufungwa.