Kuunganisha Terminali ya VT100 na Kompyuta ya Linux

VT100, ambayo Digital Equipment Corporation ya Marekani iliitoa mwaka 1978, ina prosesa ya Intel 8080, lakini si kompyuta ya kujitegemea: hupokea herufi kupitia waya na kuzipanga kwenye mistari 24 ya herufi 80, huku hesabu zote zikifanyika kwenye mashine ya upande wa pili.

Hatua ya 1. Kabla ya kuiwasha, hakikisha kuwa swichi ya nyuma inalingana na volti za umeme wako. Kasha usilifungue, kwa sababu bomba la picha huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Hatua ya 2. Ipime ikiwa peke yake. Bonyeza SET-UP (kitufe cha mipangilio), kisha 4 hadi uone LOCAL, yaani terminali ikifanya kazi bila kompyuta, halafu SET-UP tena ili utoke. Ukibonyeza ESC, # na 8 kwa kufuatana, kioo kizima kitajaa herufi E. Ukishaziona, rudisha LINE, yaani hali ya kuwasiliana kupitia waya, kwa njia ileile.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama, nami nilipoteza jioni nzima. Terminali ina tundu la pini 25, ambapo pini ya 2 hutuma na ya 3 hupokea. Kwenye tundu la pini 9 la kompyuta, au la kebo ya USB, mambo ni kinyume, yaani ya 2 hupokea na ya 3 hutuma. Kwa hiyo 2 huunganishwa na 2, 3 na 3, bila kupishanisha nyaya, kisha pini ya 5 ya kompyuta huunganishwa na ya 7 ya terminali.

Hatua ya 4. Ndani ya SET-UP bonyeza 5 ili ufike ukurasa wa B, kisha 7 na 8 hadi kasi za kutuma na kupokea zote ziwe 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Chagua biti 8 kwa kila herufi bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), na uwashe XON/XOFF, yaani ishara za kuiambia kompyuta isimame au iendelee kutuma, la sivyo terminali itazidiwa na kupoteza herufi. Hifadhi kwa Shift na S.

Hatua ya 5. Kwenye Linux andika amri hii, inayofungua mlango wa kuingilia kwa terminali (ttyUSB0 ni jina la kebo ya USB):

sudo agetty -L 9600 ttyUSB0 vt100

Neno «login» litatokea kwenye kioo. Zikija herufi zisizosomeka, linganisha kasi na biti. Kukiwa kimya, rudi kwenye pini za 2 na 3.