Toulouse hadi Bordeaux kwa Baiskeli: Namna ya Kufuata Mfereji na Kuyaepuka Magari

Mwendesha baiskeli wa Lubumbashi anayetoka mjini kwa barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa hujua vema kwamba mwenye barabara ni lori la madini, na kwamba anayesikia honi nyuma yake hana shauri ila kushuka kwenye vumbi la pembeni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Lubumbashi ambaye atajikuta Ufaransa, akiwa mwanafunzi au akiwa amekwenda kumtembelea ndugu, na ambaye angependa kuendesha baiskeli siku tatu au nne mfululizo bila kupitwa na lori. Jambo hilo linawezekana, lakini lahitaji uchaguzi mzuri, kwa sababu njia isiyo na magari huenda pia isiwe na lami.

Njia zinazomfaa mtu wa namna hiyo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile inayoitwa voie verte, ambayo sheria za barabarani za Ufaransa ziliitambua rasmi mwaka 2004: ni njia ya watembea kwa miguu, baiskeli na mara nyingine farasi, nayo huonyeshwa kwa kibao cha mraba cha buluu. Nyingi kati ya njia hizo zilikuwa reli zilizong'olewa, kama ile ya Givry hadi Cluny katika Bourgogne, yenye urefu wa kilomita 44 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1997. Kwa kuwa treni haikuweza kupanda mlima mkali, baiskeli nayo hupanda humo polepole bila kuchosha miguu. Aina ya pili ni njia za kando ya mifereji, ambako zamani farasi walitembea wakivuta mashua kwa kamba. Maji ya mfereji hayabadili kimo ila kwenye milango ya kupandishia na kushushia mashua, yaani écluse, kwa hiyo njia ni tambarare, na mwinuko wa kawaida utakaoukuta ni ule mfupi ulio kando ya kila mlango. Aina ya tatu ni barabara ndogo za mashambani, zenye lami na magari machache sana.

Kosa la wengi ni kuvutwa na jina. Canal du Midi, uliojengwa kati ya mwaka 1666 na 1681 chini ya uongozi wa Pierre-Paul Riquet, una urefu wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi wangwa wa Thau ulio ufukweni mwa Mediterania, na tangu mwaka 1996 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kila mtu huutaja. Hata hivyo lami ya kando yake huishia kwenye mpaka wa jimbo dogo la Haute-Garonne, kama kilomita 50 kutoka Toulouse; mbele ya hapo, kwa sehemu kubwa, ni udongo, mizizi na mawe, na mvua ikinyesha ni tope. Isitoshe, miti ya platani iliyokuwa ikiutia kivuli imekatwa kwa maelfu tangu ugonjwa wa kuvu ulipogunduliwa humo mwaka 2006, hivyo sehemu nyingine zimebaki wazi juani.

Mwenye baiskeli ya matairi membamba namshauri ageuze usukani kuelekea magharibi, afuate Canal de Garonne. Mfereji huo, ambao haujulikani sana nje ya Ufaransa, ulikamilika mwaka 1856. Una kilomita 193 na milango ya maji 53 kati ya Toulouse na Castets-en-Dorthe, na njia yake ina lami karibu mwanzo hadi mwisho. Reli ya Bordeaux hadi Toulouse ilijengwa katika bonde hilohilo na wakati uleule, ikaunyang'anya mfereji biashara yake. Leo ujirani huo humfaidi mwendesha baiskeli, kwa kuwa anayechoka, anayeharibikiwa au anayelowa mvua anaweza kupanda treni Moissac, Agen, Marmande au La Réole.

Kuhusu baiskeli yenyewe, ni nafuu kukodi huko kuliko kusafirisha yako kwa ndege. Unapoagiza, taja kimo chako na urefu wa mguu kwa ndani, kisha omba matairi ya milimita 28 hadi 32. Ya milimita 40 yatahitajika tu ukishikilia kwenda Canal du Midi. Usichukue matairi membamba zaidi ya milimita 28, kwani mizizi ya platani huinua lami na kuacha matuta ambayo hayaonekani vizuri kivulini. Wakodishaji wengi hushikilia dhamana kupitia kadi ya benki, kwa hiyo ulizia mapema kama kadi iliyotolewa Lubumbashi itakubaliwa, la sivyo mwombe ndugu yako wa huko akusaidie. Beba mipira miwili ya akiba, vijiti vya kubandulia tairi na pampu.

Kuanza ni rahisi, kwa sababu kituo kikuu cha treni cha Toulouse, Matabiau, kimejengwa mbele ya Canal du Midi. Fuata maji kuelekea kaskazini-magharibi hadi Ponts-Jumeaux, mahali ambapo Canal du Midi, Canal de Brienne na Canal de Garonne hukutana. Kilomita za kwanza baada ya hapo hupita kwenye viunga vya jiji na maghala, wala hazipendezi, vumilia. Mashamba huanza kujitokeza baadaye, na kwenye kilomita ya 43 hivi utafika Montech, palipo na mtambo wa ajabu ulioanza kazi mwaka 1974, ambao ulisukuma mashua pamoja na maji yake kupanda mteremko ili kuepuka milango mitano. Siku hizi haufanyi kazi hiyo tena, lakini unastahili kutazamwa. Lala Moissac, kilomita 65 hivi kutoka Toulouse, na kabla ya jioni uone ua wa abasia yake, wenye nguzo zilizochongwa zilizokamilika mwaka 1100.

Siku ya pili, hadi Agen, ni fupi: kilomita 43 hivi. Ya tatu huanza kwa sehemu ninayoiona kuwa bora kuliko zote, yaani daraja la mfereji la Agen, lenye urefu wa mita 539 na matao 23, ambapo utaendesha kando ya maji yaliyo juu ya maji mengine, kwani chini yako mto Garonne unapita. Mbele yake kuna Le Mas-d'Agenais, kijiji ambacho kanisa lake lina picha ya Kristo msalabani iliyochorwa na Rembrandt mwaka 1631. Lala karibu na La Réole.

Siku ya nne ndipo utakapouacha mfereji, na hapo ujuzi wa kuchagua barabara unahitajika. Katika ramani za Michelin, barabara kuu ni nyekundu, za wastani ni za njano, na ndogo za vijijini ni nyeupe: wewe fuata nyeupe, hata kama zinazunguka. Usitegemee namba iliyo baada ya herufi D (départementale, yaani barabara ya jimbo dogo), kwa maana barabara ya D yaweza kuwa kimya kabisa au kujaa malori. Hizo nyeupe zitakupandisha vilima vya mizabibu vya Entre-deux-Mers hadi Sauveterre-de-Guyenne, ambako huanza voie verte iliyopewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937. Njia hiyo iliyokuwa reli itakupeleka kupitia Créon hadi ukingoni mwa Bordeaux, mwendo wa kilomita 55 hivi. Kwenye makutano ya vijijini yasiyo na alama, anayetoka kulia hupita kwanza, naye dereva wa trekta hatapunguza mwendo kwa kudhani kuwa wewe hujui.

Maduka ya vijijini hufungwa mchana, kwa kawaida kuanzia saa sita hadi saa nane au zaidi, na Jumapili alasiri hutapata kitu. Mikate mingi ya Jumatatu haipo pia, kwa sababu waokaji wengi hupumzika siku hiyo. Nunua chakula asubuhi. Maji hupatikana kwenye mabomba ya makaburini, ambayo waendesha baiskeli wa Ufaransa huyatumia bila aibu, mradi pasiwe na kibao kinachosema eau non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa.

Sheria zinadai kengele, taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma gizani, pamoja na fulana ya kung'aa usiku nje ya miji. Helmeti ni lazima kwa watoto walio chini ya miaka 12, lakini ivae hata wewe. Kusikiliza muziki kwa vifaa vya masikioni ni kosa, na kiwango cha pombe kinachomhusu dereva kinamhusu mwendesha baiskeli vilevile, jambo la kukumbukwa katika nchi ya mizabibu.

Miezi ninayoipendekeza ni Mei, Juni na Septemba, kwani Julai na Agosti bonde la Garonne huwaka joto. Mwishoni mwa Juni jua huzama Toulouse baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo aliyezoea giza la saa kumi na mbili la Lubumbashi hana haja ya kukimbizana na kilomita.

Kurudi Toulouse, panda treni za mkoa za TER, ambazo kwa kawaida huchukua baiskeli nzima bila malipo, ingawa huenda ukalazimika kubadili treni Agen. TGV, treni ya mwendo kasi, huwahi zaidi, lakini humo nafasi ya baiskeli hulipiwa na kuwekwa mapema, au baiskeli hufunguliwa magurudumu na kutiwa kwenye begi.