Jinsi ya kuandaa timu ya shindano la mazingira: chafueni mikono mapema

Kama umekabidhiwa timu ya sekondari uipeleke kwenye shindano la mazingira la vitendo na hujui pa kuanzia, usianze na manoti. Najua manoti ndo rahisi, unaprinti kurasa themanini unagawa unasema someni, alafu siku ya siku mtoto anapewa konzi ya udongo anaulizwa huu ni udongo gani, anabaki anakodoa macho tu.

Mfano wa mashindano haya ni Envirothon ya Marekani na Canada, ilianzia Pennsylvania mwaka 1979. Timu ni wanafunzi 5, wana vituo (sehemu za kupimwa) vya udongo, misitu, viumbe wa majini na wanyamapori, plus mada moja inayobadilika kila mwaka. Mengine yana utaratibu wake, kwa hiyo soma kanuni kwanza: timu ni ya wangapi, kalkuleta inaruhusiwa ama la. Kila mtoto mpe kituo kimoja awe fundi wake na kingine awe msaidizi. Wote wakisoma kila kitu mnaishia kuwa na watu watano wanaojua nusu nusu.

Udongo. Chukua donge la ukubwa wa yai, toa vijiwe, lowesha kidogo kidogo huku unakanda mpaka liwe laini kama plastisini. Sasa lisukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada litoke kama utepe, uache utepe uning'inie mpaka ukatike kwa uzito wake wenyewe, upime. Ukikatika kabla ya sm 2.5 huo ni tifutifu, kati ya sm 2.5 na 5 ni tifutifu wenye mfinyanzi, ukizidi 5 ni mfinyanzi. Na kama donge lenyewe limekataa kushikana, mchanga huo. Alafu sugua kidogo kwenye kiganja na maji mengi, usikie kama unakwaruza au unateleza kama unga. Rudieni hata mara ishirini, mwishoni wafumbe macho kabisa, vidole vina kumbukumbu yake bana.

Majini ndo penyewe, watoto hawataki kutoka. Tafuteni kijito kisicho kirefu, wavu uwekwe upande maji yanakoelekea, mwingine asimame juu kidogo avuruge mawe kwa miguu, mkondo unabeba wadudu unawaingiza wavuni. Wamwage kwenye trei nyeupe yenye maji, msubiri kidogo, vitu vinaanza kutembea. Mkiona tunutu (wadudu wachanga) bapa wenye mikia miwili au mitatu wanaong'ang'ania mawe, hao wanataka oksijeni nyingi, dalili nzuri. Mkikuta vibuu vyekundu tu, vyembamba kama uzi, shtukeni, wale wana himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ndo maana wekundu na wanavumilia maji yenye oksijeni kidogo. Na usiishie kwenye majina, uliza kwa nini kila saa. Maji baridi yanabeba oksijeni nyingi kuliko ya moto, kwa hiyo ukikata miti ya kingoni jua linapiga maji, oksijeni inapungua, wadudu wale wanaondoka, samaki wanaowala nao wanapata shida. Mtoto akiunganisha msitu na mto hivo, majaji wanapenda.

Kwa misitu unahitaji kamba na fimbo tu. Kamba izungushe shina kwenye urefu wa kifua, mita 1.3 hivi kutoka chini (Marekani wanatumia 1.37), pima mzunguko huo, gawanya kwa 3.14 umepata kipenyo. Urefu wa mti: tafuta fimbo yenye urefu sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi ngumi yako mkono ukinyooka, ishike wima, rudi nyuma mpaka fimbo iufunike mti kutoka shina hadi kilele. Umbali kutoka ulipo mpaka shinani ndo urefu wa mti, ila ardhi iwe tambarare.

Wanyamapori ni mafuvu, nyayo na vinyesi (watacheka, waache wacheke). Macho yakitazama mbele mara nyingi ni mwindaji, yakiwa pembeni ni anayewindwa, alafu hakikisheni kwa meno.

Kuna na ile ya kusimama mbele ya majaji kueleza suluhisho la tatizo fulani. Hapa wengi wanakariri, na mimi mwaka wa kwanza niliwakaririsha wangu vizuri tu, jaji akakatiza sentensi ya tatu akauliza hela ya mradi inatoka wapi na mkulima wa pale bondeni mtamwambia nini, kimya. Siku hizi tukifanya mazoezi namweka mtu wa kazi ya kukatiza tu. Yule mkimya wa timu mpe sehemu ya kituo chake mwenyewe, utashangaa anavyofunguka.

Siku yenyewe viatu vya kuchafuka, na kila mmoja awe na penseli. Kalamu inagoma kwenye karatasi iliyolowa, penseli inaandika hata mvua ikinyesha.