Somo: Kuweka kadi kwenye CPU nyembamba bila kuua bodi

Wakuu habari zenu. Kila wiki naulizwa lile lile, "CPU yangu (yaani kasha zima la kompyuta) ni ile nyembamba, kadi ya grafiksi inaingia?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja, mwenye swali asome kwanza ndio aulize.

Naongelea HP Z230 SFF (SFF ndiyo hiyo nyembamba) maana ndiyo naifungua sana, zinakuja mtumba nyingi. Dell OptiPlex nyembamba nazo mambo ni karibu yale yale.

1. Pima kabla hujanunua. Keisi hizi zinapokea kadi fupi tu, lo profaili. Kile chuma cha nyuma cha kadi ya kawaida kina kama sentimita 12, cha kadi fupi kama 8. Ukikuta kadi yenyewe ni fupi ila imefungwa chuma kirefu, mwambie muuzaji akupe na kile kifupi palepale kabla hujatoa hela, maana ukirudi kesho utaambiwa hakikuja nacho.

2. Umeme. Pawa saplai ni wati 240 na waya wa pini 6 wa kuongezea kadi umeme hakuna. Sloti ya x16, ile ndefu ya kadi ya grafiksi, kikomo chake ni wati 75. Kadi ya GT 1030 inakula 30, Quadro P620 inakula 40, GTX 1650 fupi inakula 75 yaani iko ukingoni kabisa, na hapo prosesa kama i7-4770 nayo ina 84 zake. Mimi mtu wa kuediti video ndogo na kuchora ramani za nyumba namfungia P620 na analala usingizi.

3. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa. Kuzima bila kuchomoa haitoshi, bodi inabaki na umeme.

4. Fungua mfuniko, gusa chuma cha keisi kutoa umeme tuli wa mwilini.

5. Kutoa kadi ya zamani. Hapa naomba msome taratibu. Mwisho wa sloti ndefu kuna kikomeo kidogo cha plastiki kinachoshika mkia wa kadi. Kwenye keisi kubwa unakibonya kwa kidole, humu feni ya kadi imekifunika na kando kuna RAM, kidole hakipiti. Niliwahi kuwa na mashine ya mteja, jioni, nina haraka, nikachukua bisibisi bapa nikakisukuma, ikateleza ikachimba bodi ikakata njia za shaba ambazo ni nyembamba kama unywele. Haikuwaka tena. Mteja nilimnunulia mashine nyingine kwa hela yangu na ile bodi ninayo mpaka leo. Kwa hiyo USITUMIE CHUMA. Tumia kijiti cha aiskrimu au mpini wa mswaki. Mulika tochi kwanza uone kikomeo chako ni cha kubonya chini au cha kusukuma pembeni. Halafu usivute kadi ikiwa bado imeshikwa, sloti yenyewe inang'oka. Kikiachia utasikia, kadi inainuka kidogo yenyewe, hapo ndio unaitoa wima. Ikigoma ujue hujakiachia, rudi kwenye tochi, usiongeze nguvu.

6. Ingiza mpya. Ule mguu wa chini wa chuma cha nyuma uingie kwenye upenyo wake kati ya bodi na keisi, ukikanyaga pembeni kadi inakaa mshazari. Sukuma ncha zote mbili sawasawa, funga komeo la nyuma. Angalia waya wa hadidiski usiguse feni.

7. Monita ichomekwe kwenye kadi mpya, sio kwenye bodi. Weka draiva.

MASWALI

jembe_la_kazi: mkuu nimeweka kadi haioneshi kitu nifanyeje

Jibu: Kadi gani, CPU gani, monita umechomeka wapi?

jembe_la_kazi: monita iko palepale pa zamani

Jibu: Hatua ya 7.

Tz_gemu: Fundi wangu anatoa pini 6 kwenye plagi ya SATA, ile ya umeme wa hadidiski, kwa adapta na haijawahi kuleta shida. Naona unatisha watu.

Jibu: Simtishi mtu. Plagi ya SATA kwa upande wa volti 12 ina pini tatu, kila moja ampia 1.5, zidisha upate wati 54. Kadi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75 pale. Plagi zikiyeyuka watu wananiletea mimi.

Dada wa Stationari: Shikamoo kaka. Nina kadi ya LAN (ya mtandao) ya matundu manne, i350-T4, nimeiweka kwenye sloti ndefu wakati sehemu yake ya kuchomeka ni fupi na inafanya kazi. Kwa nini haikukataa?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. PCIe, yaani mfumo wa sloti hizi, imeundwa hivyo, mashine ikiwaka kadi na sloti zinakubaliana njia ngapi za data zitumike, kadi ya x4 kwenye sloti ya x16 inatumia nne basi. Kinyume chake ndio tatizo, kadi ndefu kwenye sloti fupi iliyozibwa mwisho haiingii, na usiikate. Pia kuna sloti ndefu kwa umbo ila ndani ina njia nne tu, Z230 inayo moja. Hiyo ndiyo weka LAN, ni PCIe kizazi cha 2, njia nne ni kama GB 2 kwa sekunde, matundu yako manne yakijaa yote ni GB 0.5. Ile x16 kamili iachie grafiksi.

Tz_gemu: Na kadi ya RX 6400?

Jibu: Wati 53, inawaka. Ila ina njia nne tu za kizazi cha 4 na sloti ya x16 ya Z230 ni kizazi cha 3, kwa hiyo mwendo wa njia unapungua nusu, na hairekodi skrini kwa chipu yake. Gemu sawa, kurekodi hapana.

mvuvi_wa_pwani: Kadi yangu inapotea potea, leo ipo kesho haipo. Niko karibu na bahari.

Jibu: Itoe, futa zile dhahabu za chini kwa raba ya penseli, polepole, upande mmoja halafu mwingine. Pangusa unga wote wa raba kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo, mate yanaingia kwenye sloti. Ikirudia ndani ya mwezi niletee picha ya sloti yenyewe, huenda kutu iko huko.