Somo: Programu ya kukokotoa joto la ziwa inapochelewa, tuanzie wapi?

Somo hili linawahusu wanafunzi na watafiti wa hapa Kigoma wanaokokotoa jinsi joto la maji ya Ziwa Tanganyika linavyobadilika kutoka juu hadi vilindini, na ambao wameanza kuamini kwamba kazi inayokesha usiku kucha inahitaji kompyuta ya bei kubwa. Mara nyingi tatizo limo katika namna milinganyo ilivyokabidhiwa programu, na hilo hurekebishika bila kununua chochote.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Python, lugha ya programu tunayoitumia hapa, huja na kipimaji kiitwacho cProfile, kinachoonyesha kila fanksheni imeitwa mara ngapi na imetumia sekunde ngapi. Endesha siku chache tu za mfano wako. Ukikuta kwamba muda mwingi unaliwa na kusoma faili la upepo upya katika kila hatua, lisome mara moja mwanzoni, kisha upime tena.

Hatua ya 2: Chunguza hatua ya muda

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kina kikubwa cha ziwa ni takribani mita 1,470. Tukiligawa katika tabaka za mita 1, mbinu ya moja kwa moja, yaani ile inayopata joto la hatua ijayo kutokana na joto la sasa pekee, hubaki tulivu, yaani makosa yake hayakui bila kikomo, endapo tu hatua ya muda haizidi mraba wa unene wa tabaka uliogawanywa kwa mara mbili ya kizidisho cha mchanganyiko, yaani namba inayoonyesha jinsi maji yanavyochanganyika kwa nguvu. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi unapokoroga maji ya juu, tukichukua kizidisho cha mita mraba 0.01 kwa sekunde, hatua haiwezi kuzidi sekunde 50, na mwaka mmoja unadai hatua zaidi ya 630,000. Ukipunguza unene hadi nusu mita, kikomo hushuka hadi sekunde 12.5. Maji ya vilindini, ambayo karibu hayabadiliki, nayo hulazimika kufuata mwendo huohuo.

Milinganyo inayochanganya mabadiliko ya haraka na ya polepole namna hii tuiite kakamavu. Fanksheni solve_ivp ya SciPy, maktaba ya Python ya hesabu za kisayansi, usipoielekeza, hutumia mbinu ya RK45, ambayo ni ya moja kwa moja na hivyo haifai kwa kazi hii. Chagua BDF au Radau, mbinu zilizotengenezwa kwa milinganyo kakamavu, ambazo katika kila hatua hutatua mfumo wa milinganyo kwa kutumia matriksi.

Hatua ya 3: Ieleze programu muundo wa matriksi

Wengi huishia hatua ya pili, kisha hulalamika kwamba BDF nayo ni nzito. Kila tabaka huathiriwa na jirani wa juu na wa chini tu, kwa hiyo katika matriksi hiyo, inayoonyesha jinsi kila tabaka linavyoathiri mengine, yenye nafasi 2,160,900 (1,470 mara 1,470), zisizo sifuri ni 4,408 pekee. Programu haiwezi kulijua hilo isipoambiwa, kwa mfano kupitia jac_sparsity, kigezo cha solve_ivp kinachoonyesha nafasi zisizo sifuri.

Hatua ya 4: Usitafute kinyume cha matriksi

Ukiandika mbinu yako mwenyewe, tatua mfumo wa milinganyo wenyewe badala ya kukokotoa kinyume cha matriksi. Ikiwa matriksi haibadiliki, ichambue (yaani igawanye katika matriksi za pembetatu zilizo rahisi kutatua) mara moja na uyatumie matokeo hayo katika kila hatua.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu ina viini vinne, lakini kinachofanya kazi ni kimoja. Je, nivitumie vyote?

Jibu: Marahaba. Kwa safu moja ya maji, hapana, kwa sababu kila hatua husubiri iliyotangulia na matriksi ni ndogo. Ukiwa na vituo vingi visivyotegemeana, kipe kila kiini kituo chake.

Mwanachama wa Ujiji: Nikiwa na BDF, naweza kulegeza usahihi ili niwahi kumaliza?

Jibu: Unaweza, ila kwa ushahidi. Utulivu wa mbinu si uthibitisho wa usahihi. Kiwango cha kawaida cha rtol, yaani kosa linaloruhusiwa kwa kulinganisha na thamani yenyewe, ni 0.001, kwa maji ya nyuzi 25 hicho huruhusu kosa la takribani nyuzi 0.025 katika hatua moja, na makosa hujilimbikiza. Endesha mara mbili, ya pili kwa rtol iliyo ndogo mara kumi. Tofauti ikiwa chini ya usahihi wa kipimajoto chako, baki na ile ya haraka.