Fundisha ruta yako kuchagua chaneli yenyewe: nilivyofanya kwenye hosteli ya Ng'ong'ona

Kila siku ikifika saa mbili usiku simu yangu ilikuwa inaita. "Fundi, mtandao unazunguka tu." Hosteli yenyewe iko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, imezungukwa na hosteli nyingine pande zote, na kila moja ina ruta yake. Nilikuwa nafanya kile tunachofanya mafundi wengi: nakwenda mchana, nafungua programu ya kuchungulia Wi-Fi kwenye simu, natafuta chaneli (njia ya hewani ambayo ruta inarushia mawimbi) isiyo na watu, nahamishia ruta huko, naondoka. Usiku simu inaita tena.

Nilikuwa napima mchana tatizo la usiku. Mchana wanafunzi wako darasani na hewa ni nyeupe. Usiku kila chumba kina video, na wengine wamewasha hotspot za simu zao. Kazi ya kukaa macho saa zote na kukumbuka chaneli ipi ilifanya vizuri saa ipi, mashine inaiweza kuliko mimi. Mwongozo huu ni wa ruta yenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, na Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo ya ubao mmoja.

Hatua ya 1: Punguza machaguo

Mkanda wa gigahezi 2.4 una chaneli 1 hadi 13, lakini usidanganyike na wingi huo. Chaneli jirani zimeachana kwa megahezi 5 tu, na mawimbi ya ruta moja yanachukua takriban megahezi 20. Tumia 1, 6 na 11 basi. Ile 3 unayoiona tupu kwenye simu ni mtego. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja zinasikilizana, moja ikiongea nyingine inasubiri zamu. Ukikaa kwenye 3, walioko 1 na 6 wanakusikia kama kelele ya chumba cha pili: hawaelewi neno, ila mazungumzo yao yanaharibika, na yako pia.

Weka upana wa megahezi 20, si 40. Weka pia msimbo wa nchi TZ, ili ruta itumie masafa na nguvu zinazoruhusiwa hapa kwetu.

Kama vifaa vya wateja wako vinapokea gigahezi 5, wahamishie huko kwanza. Kuna nafasi zaidi. Anza na chaneli 36 hadi 48, kama ruta yako inazikubali. Zile za 52 hadi 64 zinaitaka ruta isikilize rada kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na ihame ikiisikia, kwa hiyo si za kujaribiajaribia. Kwangu kuta za tofali zilikuwa zinameza gigahezi 5 kabla hazijafika vyumba vya mwisho, ndiyo maana nilibaki kupambana na 2.4.

Hatua ya 2: Pima anachokipata mtumiaji

Hapa ndipo penye kazi yote. Kuhesabu mitandao ya jirani hakukwambii kitu: ruta kumi zilizolala hazikusumbui kama moja inayopakua filamu. Niliifunga Pi kwenye korido ya kati, juu ya mlango, ikaunganishwa kwa Wi-Fi kama simu ya mwanafunzi yeyote. Kila sekunde inaipigia ruta ping, yaani ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?" na kusubiri jibu. Kila baada ya dakika 10 nahesabu ping ngapi kati ya 600 zimerudi ndani ya milisekunde 20. Zikirudi 540, alama ni 0.9.

Kabla ya kuanza, zima hali ya kuokoa umeme kwenye Wi-Fi ya Pi:

`iw dev wlan0 set power_save off`

Mimi sikuizima, na siku mbili za mwanzo chaneli zote tatu zilipata alama mbovu. Kumbe Pi yenyewe ilikuwa inasinzia kati ya ping moja na nyingine.

Hatua ya 3: Gawa siku katika mafungu

Chaneli 11 inaweza kuwa nzuri asubuhi na mbaya usiku, kwa hiyo usichanganye alama zake. Nina mafungu matatu: asubuhi, mchana na usiku, na la usiku ni saa 19 hadi saa 24 kwa saa ya kompyuta. Kila fungu lina daftari lake.

Hatua ya 4: Mpe mashine njia ya kujifunza

Wapo watakaokwambia utumie mtandao wa neva (neural network), programu ya kujifunza inayoiga ubongo. Kwa machaguo matatu na vipimo vichache kwa siku, sioni sababu. Ninachotumia ni mbinu aliyoiandika William R. Thompson mwaka 1933, nayo inaingia kwenye mistari michache ya Python. Kila chaneli ina hesabu mbili, mema na mabaya, zote zinaanza na 1. Kila saa programu inaipigia kila chaneli kura, yaani namba ya bahati kati ya 0 na 1 inayoelekea kuwa kubwa mema yakizidi mabaya:

`kura[k] = random.betavariate(mema[k], mabaya[k])`

Yenye kura kubwa ndiyo inayotumika saa hiyo. Ukishapata wastani wa alama za saa nzima, ongeza alama hiyo kwenye mema, na kilichopungua hadi 1 kwenye mabaya. Alama 0.9 inaongeza 0.9 upande mmoja na 0.1 upande wa pili. Chaneli isiyojulikana vizuri kura zake zinayumba sana, kwa hiyo inapata nafasi ya kujaribiwa; ikishajulikana kuwa mbovu inaachwa yenyewe.

Ongeza usahaulifu. Kabla ya kuandika alama mpya, punguza za zamani za chaneli zote tatu:

`mema[k] = 1 + (mema[k] - 1) * 0.98`

Fanya hivyo hivyo kwa mabaya. Kumbukumbu inakuwa ya vipimo kama 50 vya karibuni. Jirani akifunga ruta mpya, au chuo kikifunga na hosteli zikabaki tupu, mashine haitang'ang'ania mambo ya zamani.

Hatua ya 5: Hamisha bila kuwakata watu

Ukiwasha Wi-Fi upya kila saa watu watakuchukia. Mwambie hostapd, programu inayoendesha Wi-Fi ndani ya ruta, atangaze kuhama:

`hostapd_cli -i wlan0 chan_switch 5 2462 bandwidth=20 ht`

Namba 2462 ni chaneli 11. Chaneli 1 ni 2412, na 6 ni 2437. Vifaa vinapewa taarifa kama nusu sekunde kabla, na vingi vinafuata bila mtu kugundua. Simu chache za zamani zinakatika na kurudi. Usiruhusu zaidi ya hamisho moja kwa saa.

Hatua ya 6: Linda saa

Umeme ulikatika jioni moja, ukarudi, na Pi ikaamka na saa ya uongo, kwa sababu haina betri ya saa. Mpaka ilipopata saa sahihi kutoka intaneti, vipimo vya usiku vilishaandikwa kwenye daftari la mchana. Ifanye programu isubiri hadi saa isawazishwe, au funga kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri yake.

Hatua ya 7: Soma daftari kabla ya kusifia

Acha wiki mbili. Kwa saa tano za kila usiku hivyo ni vipimo 70, vinatosha kuona mwelekeo. Kwangu chaneli 6, ambayo nilikuwa nikiichagua kila mchana, ndiyo iliyoshika mkia usiku, na mashine ikahamia 1.

Zote tatu zikiwa chini usiku, kuhama hakutasaidia. Piga ping pia kwenda nje ya hosteli: ya ndani ikiwa safi na ya nje inasuasua, ongea na mtoa huduma wako. Ya ndani ikiwa ndiyo mbovu, ruta imezidiwa na watu. Vyumba vya nyuma nilivivutia waya na kuwafungia ruta ya pili yenye nguvu ndogo, na kwa mara ya kwanza saa mbili ikapita simu haijaita.