Namna ya Kulinda Mtaji wa Omena Bila Kuvunja Udugu

Mwanamke anayeuza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika soko la Kibuye, Kisumu, huwa na hasara isiyotokana na bei ya samaki. Shemeji akipita hupimiwa gorogoro, yaani mkebe mzima wa kupimia, bila kulipa, na msiba ukitokea kijijini mchango wa matanga hutoka kwenye mkoba uleule wa mtaji. Akikataa huitwa mchoyo, ilhali mwanamume mwenye duka akitoa udhuru kwamba bidhaa bado hajazilipia husifiwa kuwa anajua biashara. Desturi hii haiondoki kwa ugomvi. Inafaa uiwekee kipimo.

Kwanza, tenga laini ya simu ya biashara pekee. Kila jioni, kabla hujafika nyumbani, weka humo gharama ya omena uliyouza, nauli na ada ya soko. Katika faida inayobaki jilipe mshahara, hata ikiwa ni shilingi 200 kwa siku, kisha wageni na matanga yahudumiwe na mshahara huo. Wengi huiruka hatua hii wakiiona kama mchezo wa watoto, kumbe ndiyo inayokuwezesha kukataa bila kusema uongo.

Usimwambie mama mkwe kwamba huna kitu na gunia liko mbele yake. Mwambie: "Mama, mzigo huu una deni la wavuvi. Jumatatu, soko la Jumapili likishapita, nitakuletea gorogoro moja." Aliyeahidiwa siku na kipimo haumii kama aliyenyimwa, mradi ahadi itimizwe.

Chama, yaani kikundi cha wanawake cha kuweka akiba, nacho ni kinga, kwa kuwa jamaa anayedharau mpango wako binafsi huona haya kukufanya uwaaibishe wenzako. Tena, hati ya shamba kwa kawaida huwa na jina la mume au la baba mkwe, kwa hiyo kikundi ndicho njia ya kupata mkopo wa Hazina ya Wanawake ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 2007, bila kuweka ardhi rehani.

Ikiwa unauza katika duka la mume, fahamu kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua usimamizi wa biashara ya familia kuwa mchango katika mali hiyo, hata kama hulipwi.

Hatimaye, andika daftarini kila gorogoro uliyotoa bure pamoja na jina la aliyeichukua, na mwisho wa mwezi mwonyeshe mume ukurasa huo kabla hajauliza faida ilikokwenda. Mara nyingi, majina mengi humo ni ya ndugu zake.